Tone na Kipimo Chake: Mahindi ya Arua na Koboko katika Historia ya Vidhibiti Ukuaji

Utawala wa Kiingereza ulifika Arua mwaka 1914. Ardhi hiyo ilikuwa sehemu ya Lado, ambayo Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliishika kwa mkataba hadi alipofariki Desemba 1909. Ikapita mikononi mwa Sudan, kisha kipande chake cha kusini kikaunganishwa na Uganda. Mkuu wa wilaya wa kwanza, A. E. Weatherhead, alijenga boma katika nchi ya Walugbara. Kaskazini, kuelekea mpaka wa Sudan, walikaa Wakakwa wa Koboko. Chakula cha nchi kilikuwa ulezi na mtama. Mahindi yalikuwa yameshaingia Uganda zamani, na vitabu vingi vya kilimo vinataja mwaka 1861, lakini huku West Nile, magharibi mwa mto Nile, nafasi yake ilikuwa ndogo.

Wakati boma la Arua likijengwa, mtaalamu mmoja wa mimea wa Denmark, Peter Boysen Jensen, alikuwa ameshaonyesha jambo ambalo hakuna mtu wa West Nile ambaye angeweza kulisikia wakati huo. Alikata ncha ya mche mchanga wa oti, akaweka kipande cha jelatini juu ya jeraha, akairudisha ncha juu yake. Mche uliendelea kujipinda kufuata mwanga. Kwa hiyo kulikuwa na kitu kinachotoka kwenye ncha, kinapita katika jelatini na kuteremka kuuamuru mche ukue upande huu au ule. Charles Darwin na mwanawe Francis walikuwa wamelihisi jambo hilo tangu 1880, walipofunika ncha za miche na kuona haifuati mwanga tena.

Historia ya shamba la West Nile na historia ya kitu hicho kinachoamuru ukuaji zilikwenda mbalimbali kwa miongo mingi. Leo zimekutana. Mkulima anayeingia duka la pembejeo Arua au Koboko kununua chupa ya dawa ya magugu anachukua mkononi matunda ya utafiti huo wote. Ana haki ya kujua chupa hiyo imetoka wapi, na kwa nini uhai na kifo cha mmea vimo ndani ya kipimo chake.

Kitu cha kwanza kupatikana

Mwaka 1926, mjini Utrecht, kijana Mholanzi Frits Went alifaulu kukikusanya kitu hicho. Aliweka ncha za miche ya oti juu ya vipande vya agari, akaziondoa, kisha akaweka agari hiyo peke yake upande mmoja wa mche uliokatwa kichwa. Mche ukajipinda. Hata kiasi cha kujipinda kiliendana na kiasi cha kitu kilichokuwa ndani ya agari. Hapo ndipo ukuaji wa mmea ulipoanza kupimwa kwa namba. Kitu hicho kikaitwa oksini, na mwaka 1934 ikatambuliwa asidi moja ndogo ya asetiki yenye pete ya indoli, ambayo baadaye ilijulikana kuwa ndiyo oksini kuu ya mimea.

Mwaka huohuo wa 1926, huko Taiwan, Mjapani Eiichi Kurosawa alikuwa akichunguza ugonjwa wa mpunga unaofanya miche irefuke kupita kiasi, ipauke rangi na kuanguka bila kuzaa. Aligundua kwamba kuvu wa ugonjwa huo anatoa kemikali, na kemikali hiyo peke yake, bila kuvu, inatosha kuurefusha mpunga. Teijiro Yabuta akaipa jina la jiberelini mwaka 1935. Tangu mwanzo kabisa, basi, vidhibiti ukuaji vilijulikana kwa sura zote mbili: kidogo chake huujenga mmea, kingi chake huuangusha.

Vita vilivyozaa dawa ya magugu

Katika Vita vya Pili vya Dunia Uingereza ilihitaji kila punje ya nafaka. Mwaka 1940, katika kituo cha utafiti cha Jealott's Hill, William Templeman alipulizia oksini ya kutengenezwa kwenye shamba la oti lililojaa haradali mwitu. Haradali ikafa, oti ikabaki. Watafiti wakatafuta kemikali zenye nguvu zaidi za aina hiyo, na huko Uingereza na Marekani ikapatikana ile ambayo hadi leo tunaiita kwa namba na herufi: 2,4-D. Matokeo yalifichwa kama siri ya vita mpaka 1945, kwa sababu majeshi yalikuwa yakifikiria pia namna ya kuangamiza mazao ya adui. Vita vilipokwisha, 2,4-D ikaingia sokoni.

Namna inavyofanya kazi ni ya ajabu. Jani pana linapokea amri ya kukua isiyokoma. Shina linajipinda, seli zinaongezeka ovyo, mirija ya maji na chakula inaziba, na mmea unakufa kwa kukua vibaya. Nyasi, na mahindi ni nyasi, zina mirija iliyopangwa kwa namna nyingine, kitovu cha ukuaji kilichofunikwa na majani, na uwezo mkubwa zaidi wa kuivunja kemikali hiyo ndani ya mwili wao. Ndiyo maana mahindi hupona mahali ambapo magugu ya jani pana hukauka.

Afrika Mashariki haikukaa nje ya historia hiyo ya kijeshi. Mwaka 1952 na 1953, huko Kikore Tanganyika na kwenye rasi ya Waturi nchini Kenya, kando ya Ziwa Victoria, Waingereza walipulizia kwa ndege 2,4-D na ndugu yake 2,4,5-T juu ya vichaka vya mbung'o. Vita dhidi ya mbung'o vilikuwa vya kweli, lakini majaribio yalitafuta pia namna ya kuyapukutisha majani ya misitu kwa ajili ya vita vya wanadamu. Katika miaka ya 1960 mchanganyiko wa kemikali hizo mbili, nusu kwa nusu, ulimwagwa na Wamarekani juu ya misitu na mashamba ya Vietnam. Sumu iliyowaumiza watu kwa vizazi ilikuwa dioksini, iliyochafua ile 2,4,5-T wakati wa kutengenezwa. Jambo hilo lisichanganywe na chupa ya 2,4-D iliyosajiliwa dukani, lakini pia lisisahauliwe. Kemikali inayotengenezwa ovyo, au inayomwagwa bila kujali aliye chini yake, haihesabiki kuwa dawa ya kilimo.

Tumbaku, heringi na mahindi mabichi

Nusu ya pili ya hadithi hii ilianzia kwenye mmea ambao mkulima wa West Nile anaujua vizuri. Tumbaku ilikuwa zao la fedha la wilaya kwa vizazi, na kila aliyeilima anakumbuka kazi ya maotea: ukikata kilele ili majani yapanuke, machipukizi yanajitokeza kwapani mwa kila jani, nayo hayana budi kung'olewa kwa mkono. Ncha ndiyo iliyokuwa ikiyazuia kwa oksini yake. Ikiondoka, yanapata ruhusa. Mkulima aliyeinama katika mistari ya tumbaku akiyang'oa alikuwa akipambana na jambo lilelile ambalo Boysen Jensen alilikata kwa wembe.

Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, Folke Skoog na wenzake walitumia tumbaku hiyohiyo kutafuta kitu kinachofanya seli zigawanyike. Mwenzake Carlos Miller alijaribu chupa kuukuu ya DNA iliyotoka kwenye mbegu za kiume za samaki aina ya heringi, na seli za tumbaku zikagawanyika. Chupa ilipokwisha walifungua mpya, na haikufanya lolote. Walipoipasha ile mpya moto kwa mvuke wa shinikizo, nguvu ikarudi. Kutoka hapo wakakitenga kitu walichokiita kinetini, mwaka 1955. Mwaka 1957 Skoog na Miller wakatangaza kanuni inayoongoza maabara zote za tishu hadi leo: oksini ikizidi, kipande cha mmea hutoa mizizi, kinetini ikizidi, hutoa machipukizi, zikilingana, hutoa kinundu cha seli zisizo na umbo. Mwaka 1962 Toshio Murashige na Skoog wakaandika orodha kamili ya chumvi na vitamini za kulishia tishu hizo, na orodha hiyo ingali inatumika dunia nzima.

Mahindi yana heshima ya pekee hapa. Kinetini ilitoka kwenye DNA iliyochemshwa, na watu walijiuliza kama kuna mmea unaotengeneza kitu cha aina hiyo wenyewe. Jibu lilitoka kwenye punje changa. Mwaka 1963 David Letham, huko New Zealand, alitenga kutoka kwenye mahindi mabichi homoni ya kwanza ya asili ya kundi hilo, linaloitwa sitokinini, nayo ikaitwa zeatini kwa jina la kisayansi la mahindi, Zea. Miaka 17 kabla yake, mwaka 1946, watafiti wa Marekani walikuwa wameitoa oksini yenyewe katika punje changa za mahindi. Na mwaka 1956 Bernard Phinney aliweka jiberelini kwenye mahindi mbilikimo, yale yaliyozaliwa na kasoro ya kutorefuka, nayo yakasimama kwa urefu wa kawaida. Mahindi mazima yalipopewa kemikali hiyohiyo yalibadilika kidogo tu, kwa sababu tayari yalikuwa na ya kwao ya kutosha.

Hilo la mwisho mkulima alishike. Mahindi yenye afya hujitengenezea homoni zake. Yanachopungukiwa mara nyingi ni naitrojeni, fosforasi, maji, au nafasi mbele ya magugu. Busta ya kupulizia majani, hata kama ndani yake kuna jiberelini ya kweli, haiwezi kushika nafasi ya mbolea, palizi na mbegu bora.

Kiinitete cha milimita moja na nusu

Mahindi yalikuwa magumu kuoteshwa kwenye chupa. Tumbaku na karoti zilitii mapema, nafaka zikakataa. Ufumbuzi ulipatikana mwaka 1975, pale C. E. Green na R. L. Phillips wa Chuo Kikuu cha Minnesota walipopata mimea kamili ya mahindi kutoka kwenye tishu. Siri zilikuwa mbili: umri wa kipande, na 2,4-D.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mtaalamu hufunika ndevu za mahindi kwa mfuko, huchavusha kwa mkono, kisha huhesabu siku. Kati ya siku ya 10 na ya 14 hulivunja hindi, humenya maganda, na kulitumbukiza katika maji ya klorini kuua vijidudu. Akiwa mbele ya kabati la hewa safi, hukata vichwa vya punje kwa kisu kikali. Ndani ya kila punje kuna maji meupe na kiinitete kisichozidi milimita moja na nusu au mbili. Hukichokoa bila kukikwaruza na kukilaza juu ya chakula kilichogandishwa, upande wenye mhimili wa mche ukiwa chini na ile ngao laini ikiwa juu. Akikigeuza vibaya, kitaota mche mmoja tu, na kazi imepotea. Katika chakula hicho mna takriban miligramu 2 za 2,4-D kwa lita. Sahani hufungwa na kuwekwa gizani, penye joto la nyuzi 27 au 28. Baada ya wiki chache ngao huvimba na kutoa vinundu vyenye rangi ya maziwa. Vikihamishiwa kwenye chakula kisicho na 2,4-D na kuwekwa kwenye mwanga, vinundu huwa kijani, hutoa majani na mizizi, na kila kimoja chaweza kuwa mmea.

Sasa linganisha na bomba la mgongoni. Dawa ya magugu yenye gramu 720 za 2,4-D kwa lita, ikitumika lita moja kwa hekta katika lita 200 za maji, inakuwa na miligramu 3,600 katika kila lita ya maji hayo. Hiyo ni mara 1,800 ya kile kilichomo kwenye sahani ya maabara. Ni kemikali ileile. Kiasi kile kidogo huamsha seli za kiinitete na kuzifanya ziwe mimea mingi. Kiasi kile kikubwa huua mmea mzima wa jani pana katika wiki chache. Kwa hiyo mwenye shamba anayepima kwa kizibo bila kusoma lebo ameacha jambo kubwa kuliko yote mikononi mwa bahati.

West Nile katika miaka hiyo

Wakati Minnesota ikifaulu, West Nile ilikuwa ikielekea kwenye majonzi. Mwaka 1971 Kawanda, karibu na Kampala, ilitoa mbegu ya mahindi ya Kawanda Composite A. Mwaka huohuo Idi Amin, ambaye ukoo wake ni wa Koboko, alitwaa madaraka. Alipoangushwa mwaka 1979 na jeshi jipya kuingia West Nile mwaka uliofuata, watu kwa mamia ya maelfu walikimbilia Sudan na Zaire. Mashamba yakawa vichaka. Mbegu za familia, zilizochaguliwa mavuno hadi mavuno, ziliachwa katika maghala yaliyochomwa. Wengi walirudi kuanzia 1986, vita vya Sudan vilipowafukuza huko pia, wakaanza upya na mihogo, ambayo huvumilia ardhi iliyochoka na mwenye nyumba asiyejua kesho atakuwa wapi.

Wakati huo kazi ya mbegu ilikuwa imehamia Namulonge, kituo kilichojengwa kwa ajili ya pamba. Mwaka 1991 kilitoa mbegu ya Longe 1; mwaka 1992 likaundwa NARO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo; mwaka 2000 ikaja Longe 5 yenye protini bora. Koboko ikawa wilaya yake yenyewe mwaka 2005, na Arua ikapata kituo cha utafiti cha kanda, Abi. Barabara ya lami ya kilomita 92 hivi kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ikafungua soko la Sudan Kusini. Sasa mahindi yalikuwa fedha pamoja na posho.

Maabara za Afrika Mashariki nazo zilikuwa zimeshika wembe. Miaka ya 2006 hadi 2008 watafiti wa Kenya, wengi wao wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walichapisha kazi zilizoonyesha kwamba mahindi ya Kenya, na siyo yale tu ya Minnesota, yanaweza kurudishwa kutoka tishu hadi mmea, ingawa kila ukoo wa mbegu unadai kipimo chake. Mwaka 2013 CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano, na watafiti wa Kenya walifungua huko Kiboko, Kenya, kituo cha kutengeneza mahindi yenye kromosomu zilizorudufishwa. Huko mche wenye nusu ya urithi hupewa kolkisini, urithi wake unajirudia, na ukoo safi wa mbegu, ambao zamani ulihitaji misimu sita au zaidi, unapatikana kwa misimu miwili au mitatu.

Mkulima wa Koboko hatapanda mche wa mahindi uliotoka kwenye chupa, wala hana haja nao, maana punje ni rahisi kuliko mche. Kwa mahindi, maabara ya tishu ni karakana ya mboreshaji wa mbegu: yeye ndiye anayeharakishwa, na faida humfikia mkulima ndani ya mfuko wa mbegu. Kwa mihogo na migomba ni tofauti. Mimea hiyo hurithishana virusi katika kila pingili na kila chipukizi. Hapo kipande kidogo cha ncha kinachokuzwa kwa oksini na sitokinini, kikapimwa na kuonekana safi, humpa mkulima mwanzo mpya. Kwa nchi ya enyasa, ugali ambamo unga wa mihogo hukutana na ulezi chunguni, hilo lina uzito mkubwa.

Chupa ilifika, kipimo kikachelewa

Tangu 2013 kambi ya Lobule huko Koboko, tangu 2016 Bidi Bidi huko Yumbe, na katika miaka hiyo pia Rhino Camp na Imvepi zilizokuwa ndani ya wilaya ya Arua, zimepokea watu wengi kutoka Congo na Sudan Kusini. Familia nyingi zilipewa kiwanja cha mita 30 kwa 30. Ardhi imebana, vibarua wa palizi wanagharimu, na dawa ya magugu imekuwa kimbilio la haraka.

Hapa ndipo historia ya Jealott's Hill inapogongana na shamba la West Nile. 2,4-D ilizaliwa kwa ajili ya shamba la zao moja. Mkulima wa Arua au Koboko huchanganya: mahindi na maharage, mahindi na mihogo, ufuta pembeni, bamia na mboga karibu na nyumba. Vyote hivyo ni majani mapana. Tone linalookoa mahindi linaua maharage ya mama watoto, na upepo wa mchana unaweza kulipeleka hadi kwenye mihogo ya jirani. Mahindi yenyewe yana mipaka. Yakipuliziwa yakiwa mafupi, chini ya sentimita 20 hivi, hustahimili. Yakipuliziwa yakiwa marefu, bua hukakamaa kama kioo na kuvunjika kwa upepo, na mizizi ya juu hushikana pamoja badala ya kushuka ardhini. Yakikaribia kutoa mbelewele, kupulizia ni kuharibu punje kabla hazijazaliwa.

Sheria ya Uganda ya kudhibiti kemikali za kilimo ipo tangu 2006, na chupa iliyosajiliwa ina lebo. Lakini lebo ya herufi ndogo za Kiingereza haimfikii mwanamke wa Ludara, huko Koboko, anayesoma Kikakwa, wala mkimbizi anayesoma Kiarabu, wala mchuuzi wa Ariwara, upande wa Congo, anayezungumza Kiswahili. Miaka zaidi ya mia moja ya sayansi hii, tangu Darwin hadi Kiboko, imefundisha jambo moja bila kuchoka: nguvu ya kidhibiti ukuaji imo katika kiasi chake na wakati wake. Kumpa mtu chupa bila elimu hiyo ni kumpa nusu ya uvumbuzi, na ni ile nusu inayoua.

Kwa hiyo kazi iliyobaki inafanyika hapahapa. Kila duka la pembejeo liwe na chombo cha kupimia chenye alama za mililita, na muuzaji anayejua kuuliza swali moja: ndani ya mahindi yako umepanda nini? Bwana shamba apewe maelekezo kwa Kilugbara, Kikakwa, Kiswahili na Kiarabu. Abi ipewe fedha za kuleta miche safi ya mihogo karibu, na Chuo Kikuu cha Muni, kilichoanzishwa 2013 kando ya Arua, kiwafundishe vijana wa West Nile kushika wembe na sahani wenyewe. Oksini na zeatini zilitolewa kwenye punje changa za mahindi. Watu wanaolima mahindi wanastahili kurudishiwa elimu hiyo ikiwa kamili, pamoja na kipimo chake.